Jalada la mgonjwa linapovuka mpaka: Jinsi watafiti wanavyosoma kumbukumbu za hospitali za nchi nyingi

Na Mwandishi Wetu, Mbalizi

MALORI hayakatiki Mbalizi. Usiku na mchana magari yenye namba za usajili za Tanzania, Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo huteremka mteremko wa Iwambi yakielekea Tunduma, na mengine hupanda taratibu yakirudi Mbeya na hatimaye Dar es Salaam. Mji huu mdogo ulio katika Wilaya ya Mbeya umekua kwa sababu ya barabara hiyo, na hospitali zake hupokea kila anayepita.

Tuchukue mfano wa dereva mmoja. Alianza kutumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi jijini Dar es Salaam. Gari lilipomharibikia Mbalizi akakaa wiki mbili, akafungua jalada kliniki ya hapa. Baadaye dawa zilimwishia Tunduma, akaandikishwa huko. Safari nyingine alipatwa na kifua kikuu akiwa Ndola, Zambia, akatibiwa na kupewa kadi ya nchi ile. Mtu mmoja, majalada manne, nchi mbili. Katika matatu kati ya hayo ameandikwa kuwa "amepotea". Mwenyewe yu mzima, yuko njiani na mzigo wa shaba.

Dereva huyo ni wa kubuni, lakini habari yake haimshangazi mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi katika kliniki za njia hii. Nyanda za Juu Kusini ndizo zenye mzigo mkubwa zaidi wa maambukizi ya virusi vya Ukimwi nchini. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022-2023 ulionesha kiwango cha asilimia 12.7 Njombe, asilimia 11.1 Iringa na asilimia 9.6 Mbeya, wakati wastani wa taifa kwa watu wenye umri wa miaka 15 na kuendelea ulikuwa asilimia 4.4. Anayetaka kujua kama matibabu yanafanya kazi katika eneo kama hili hawezi kusoma majalada ya hospitali moja tu, wala ya nchi moja tu.

Hapo ndipo unapoingia utafiti wa mapitio ya kumbukumbu za wagonjwa katika nchi zaidi ya moja. Ni kazi isiyo na sindano wala dawa mpya ya kujaribiwa. Mtafiti haongei na mgonjwa. Anakaa masijala, anafungua jalada lililoandikwa miezi au miaka iliyopita, na kunakili katika fomu maalumu yale tu yanayohitajika kujibu swali lake. Mwenzake anafanya vivyo hivyo Kisumu, mwingine Masaka, mwingine Lusaka. Kisha taarifa zinaunganishwa.

Kwa maneno, ni jambo jepesi. Ukiwauliza waliolifanya, watakupa jibu jingine.

Kazi ya namna hii si ngeni Afrika Mashariki. Mojawapo ya mifano mikubwa kabisa ilifanyika hapa, kabla nchi nyingi za eneo hili hazijapata uhuru. Mwaka 1957 daktari mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala, Denis Burkitt, alimwona mtoto mwenye uvimbe katika taya zote mbili, na muda si mrefu akakutana na mwingine mwenye hali ile ile mjini Jinja. Akarudi kwenye kumbukumbu za Mulago na kukuta wapo wengi. Mwaka 1958 akachapisha taarifa yake ya kwanza kuhusu saratani hiyo ya watoto, ambayo leo hubeba jina lake.

Lakini kumbukumbu za Mulago zingeweza kumweleza habari za Mulago tu. Burkitt alituma vipeperushi zaidi ya elfu moja vyenye picha kwa hospitali za serikali na za misheni barani Afrika, akiuliza kama wamewahi kuuona uvimbe ule. Oktoba 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, waliingia katika gari kuukuu aina ya Ford na kusafiri kwa wiki 10, mwendo wa maili 10,000 hivi, kutoka Uganda kupitia Kenya na Tanganyika hadi Afrika Kusini na kurudi. Walipita katika hospitali takriban 60, wakiuliza na kuandika.

Ramani yao ilionesha jambo ambalo hakuna hospitali moja ambayo ingeweza kuliona. Karibu na Ikweta uvimbe ule ulionekana sehemu zilizo chini ya futi 5,000 hivi kutoka usawa wa bahari, yaani takriban mita 1,500. Kadiri walivyokwenda kusini, mpaka huo wa mwinuko ulizidi kushuka. Maana yake ni kwamba kilichokuwa kikiamua ni joto, kisha mvua, wala si mwinuko wenyewe. Na ramani ile ilifanana mno na ramani ya malaria. Mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake wa London, waliokuwa wakipokea vipande vya uvimbe kutoka Kampala, waligundua ndani yake kirusi ambacho sasa kinaitwa Epstein-Barr.

Somo la safari ile linawahusu sana watu wa Mbeya. Jiji la Mbeya liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, iko chini ya mita 600, na joto lake halina mfano na la Mbeya. Mtoto wa Kyela akipelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, jalada lake litahesabiwa Mbeya. Mtafiti asiyeuliza mtoto anaishi wapi atatangaza kwamba ugonjwa wa tambarare uko mlimani. Kwa hiyo, katika fomu yoyote ya maana, jina la hospitali na makazi ya mgonjwa ni maswali mawili tofauti, na la pili ndilo linaloachwa wazi mara nyingi zaidi katika majalada yetu.

Siku hizi hakuna anayeruhusiwa kuwasha gari na kuanza kuuliza hospitali moja baada ya nyingine. Mtafiti anayetaka kusoma majalada mkoani Mbeya huandika kwanza andiko la utafiti na kulipeleka kwa kamati ya maadili. Mkoa huu unayo kamati yake ya maadili ya utafiti wa tiba, na juu yake iko Kamati ya Taifa iliyo chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Raia wa kigeni anahitaji pia kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Baada ya hapo zinafuata barua: mkoa, halmashauri, mganga mkuu, hadi mganga mfawidhi wa hospitali, ambaye ndiye mwenye ufunguo wa masijala. Kibali cha kimaadili hutolewa kwa mwaka mmoja na huhuishwa kazi ikiendelea.

Hiyo ni Tanzania peke yake. Kenya inadai idhini ya kamati ya maadili iliyosajiliwa na leseni ya Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, NACOSTI. Uganda ina kamati zake na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Zambia ina Mamlaka ya Taifa ya Utafiti wa Afya, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2013. Kamati ya Kampala ikitaka swali moja libadilishwe, badiliko hilo sharti lirudi Mbeya na Nairobi kuidhinishwa upya, la sivyo nchi tatu zitakuwa zinatumia fomu tatu. Jumuiya ya Afrika Mashariki inayo Kamisheni ya Utafiti wa Afya, yenye makao yake Bujumbura, lakini haichukui nafasi ya vibali vya kila nchi.

Wapo wanaolalamika kwamba mlolongo huo unakula muda kuliko utafiti wenyewe. Malalamiko hayo yana ukweli. Hata hivyo, mwandishi wa makala haya haoni kosa katika mgonjwa kulindwa mara nne. Kosa ni kila mlinzi kudai fomu ya umbo lake.

Swali ambalo msomaji huuliza haraka ni hili: mgonjwa mwenyewe ameulizwa? Mara nyingi hapana. Miongozo ya kimataifa, ukiwamo ule wa Baraza la mashirika ya kimataifa ya sayansi ya tiba, CIOMS, wa mwaka 2016, inaruhusu kamati ya maadili kuondoa sharti la kuomba ridhaa endapo mambo matatu yatatimia: utafiti hauwezi kutekelezeka bila kuondolewa kwa sharti hilo, una manufaa makubwa kwa jamii, na hatari kwa wahusika ni ndogo sana. Sababu inaeleweka. Ukisema utasoma majalada ya wale tu utakaowapata na kukubali, umekwisha kuwaacha waliokufa, waliohama na waliokata tamaa, nao ndio uliotaka kujua habari zao.

Lakini "hatari ndogo" si maneno ya kupitisha kwa kalamu tu. Katika hospitali ya Mbalizi si lazima jina litajwe ili mtu ajulikane. Andika kwamba ni mwanamke wa miaka 34, mwalimu, aliyejifungua mapacha watatu mwezi fulani, na nusu ya mji itamtambua. Ndiyo maana utaratibu mzuri hubadilisha jina kuwa namba, hubakiza umri badala ya tarehe ya kuzaliwa, huondoa jina la kijiji na kuacha wilaya, na orodha inayounganisha namba na majina hufungiwa hospitalini, haivuki mpaka. Utaona mgongano: Burkitt angehitaji kijiji. Kamati inataka wilaya. Mara nyingine suluhisho huwa kuandika mwinuko wa kijiji kwa mita, jina lake likaachwa.

Sheria nazo zimekuja juu. Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda na Zambia mwaka 2021, Tanzania mwaka 2022, na sheria ya Tanzania ikaanza kutumika Mei 2023. Taarifa za afya zimewekwa katika kundi la taarifa nyeti, na kuzipeleka nje ya nchi kuna masharti yake. Aidha, NIMR hudai mkataba wa uhamishaji wa taarifa kabla hazijatumwa kwa mshirika wa ng'ambo.

Tuingie sasa masijala, mahali ambapo utafiti hufa au hupona.

Jalada la mgonjwa wa Tanzania ni familia ya karatasi. Kuna kadi anayokaa nayo mgonjwa, kuna daftari lake la mahudhurio, kuna jalada la wodini, kuna kitabu cha maabara, na kuna vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya, kila huduma na kitabu chake chenye namba. Kliniki za tiba na matunzo zina kadi ya mgonjwa na kadi ya pili inayobaki kituoni. Hospitali nyingi sasa zina kompyuta, zikiwamo zinazotumia mfumo wa serikali wa GoTHOMIS, ila miaka ya nyuma imo katika karatasi, na karatasi ina maadui zake: mvua, mchwa, na upungufu wa rafu. Rafu zinapojaa, majalada ya waliofariki na ya wasioonekana siku nyingi huhamishiwa kwenye maboksi. Ya wanaoendelea kuhudhuria hubaki mbele. Mtafiti anayechukua majalada 300 ya karibu na mkono amechagua walio hai bila kujua.

Kosa hilo ndilo mama wa makosa katika kazi hii. Njia ya kulikwepa ni kuanza na kitabu cha kuandikishia, kuchukua majina yote ya kipindi kilichoamuliwa, kupiga kura ya namba, na kisha kulitafuta kila jalada lililoangukiwa na kura hata kama liko ndani ya boksi chini ya ngazi. Jalada lisilopatikana huandikwa kuwa halikupatikana; halibadilishwi kwa lililo jirani. Idadi ya yasiyopatikana nayo ni matokeo, na msomaji wa ripoti ana haki ya kuijua.

Turudi kwa dereva wetu "aliyepotea". Neno hilo linaonekana wazi hadi nchi mbili zinapolilinganisha. Kwa muda mrefu mipango mingi ilimhesabu mgonjwa kuwa amepotea akipitiliza siku 90 bila kuonekana. Baadaye kipimo cha siku 28 baada ya tarehe ya miadi kikaenea, na Shirika la Afya Duniani, WHO, likakikubali. Nchi inayotumia siku 28 itaonekana kupoteza wagonjwa wengi kuliko jirani yake anayetumia 90, ingawa watu waliokatisha dawa ni wale wale. Mwaka 2011 watafiti wa mtandao wa kimataifa wa IeDEA walichapisha uchambuzi wa vituo 111 vya Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini wakitafuta kipimo kinachokosea kidogo zaidi kwa wote, wakapendekeza siku 180 tangu mahudhurio ya mwisho. Mtandao huo, ulioanzishwa katikati ya miaka ya 2000, umekuwa ukiunganisha kumbukumbu za kliniki za Kenya, Uganda na Tanzania katika kanda yake ya Afrika Mashariki, zikiwamo za Tumbi mkoani Pwani na za Morogoro.

Dawa ya tatizo hili ni kutonakili neno "amepotea" hata kidogo. Nakili tarehe ya mwisho kuonekana na tarehe ya miadi iliyofuata. Neno ni hukumu ya nchi. Tarehe haina uraia.

Na uzito wa jambo lenyewe ni uhai wa watu. Mwaka 2009 mapitio ya tafiti 17 zilizowafuatilia nyumbani waliopotea katika mipango ya dawa hizo, nyingi zikiwa za Afrika, yaligundua kwamba takriban asilimia 40 ya waliopatikana habari zao walikuwa wamekwisha kufariki. Piga hesabu ya kliniki yenye wagonjwa 1,000. Majalada yanasema 40 wamefariki na 200 wamepotea. Ripoti itasema vifo ni asilimia 4. Lakini kama asilimia 40 ya wale 200 nao wamefariki, hao ni 80 zaidi, jumla 120, yaani asilimia 12. Kliniki imejipongeza kwa theluthi moja ya ukweli. Tafiti za baadaye, zilizochapishwa mwaka 2017, zilionesha hali imekuwa ikibadilika: vifo miongoni mwa waliopotea vimepungua, na waliohamia kliniki nyingine kimya kimya wameongezeka. Madereva wetu wamo katika kundi hilo la pili.

Jina la ugonjwa nalo si la kuaminiwa kwa macho. Mwaka 2004 jarida la madaktari wa Uingereza lilichapisha utafiti uliofanyika katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Wagonjwa 4,474 walitibiwa kwa malaria kali. Vipimo vya damu vilivyofanywa kwa uangalifu vilikuta vimelea kwa asilimia 46 tu. Zaidi ya nusu walikuwa na kitu kingine, na majalada yao yamebaki yakisema malaria. Anayelinganisha malaria ya Iringa ya mwaka 2003 na ya mwaka 2015, baada ya vipimo vya haraka kuenea, huenda analinganisha tabia za madaktari, wala si ugonjwa. WHO ina orodha ya kimataifa ya magonjwa, toleo lake la 11 likianza kutumika Januari 2022, nayo husaidia majina yafanane. Haisaidii kama aliyeliandika jina hakupima. Fomu nzuri huuliza yote mawili: daktari aliandika nini, na kipimo kilisema nini.

Yako mambo mengine ambayo mtu wa ng'ambo hawezi kuyawaza. Saa, kwa mfano. Muuguzi wa wodi ya wazazi akiandika kwamba mama alianza kutokwa damu saa 2 usiku, kila Mswahili anajua ni saa mbili baada ya machweo. Daktari wa zamu, aliyezoea saa za Kizungu, anaandika upasuaji ulianza saa 21:30. Mnakili aliyeko Munich au Baltimore akisoma "saa 2 usiku" kuwa saa nane ya usiku wa manane, mama ameonekana akipasuliwa kabla hajaanza kutokwa damu. Au, tarehe zikisogezwa kurekebisha, amesubiri muda asiosubiri. Kupishana kwa saa sita kunatosha kuiharibu hospitali jina au kuisafisha bure. Uganda, ambako majalada huandikwa Kiingereza, tatizo hili ni dogo. Ukiongeza Ethiopia katika utafiti wako, jiandae kwa kalenda yenye miezi 13 na mwaka ulio nyuma ya wetu kwa miaka saba au minane.

Sukari ya damu hupimwa hapa kwa milimoli na kwingine kwa miligramu: 7 ya kwetu ni 126 ya kwao. Kompyuta haitashtuka.

Kisha kuna nafasi tupu. Jalada lisilotaja sigara halisemi kwamba mgonjwa havuti. Linasema hakuna aliyemuuliza, au aliulizwa na jibu halikuandikwa. Ukiweka "hapana" pale palipo tupu, nchi yenye madaktari wasioandika itaonekana haina wavutaji. Kanuni ni kuwa na majibu matatu, ndiyo, hapana, haikuandikwa, na kumkataza mnakili kukisia.

Kwa kuwa miandiko ya madaktari ni ile tunayoijua, hakuna utafiti wa maana unaomwachia mnakili mmoja kazi yote. Sehemu ya majalada husomwa na watu wawili, kila mmoja peke yake, na majibu yao hulinganishwa. Hapa pia kuna mtego. Tuseme wawili wamesoma majalada 100 wakitafuta kama mgonjwa alipewa dawa fulani, nao wamekubaliana katika 90. Inavutia. Lakini kama kila mmoja alijibu "ndiyo" mara 90, hata wangejibu bila kusoma wangekubaliana katika 82 kwa bahati tu. Nafasi ya kuonesha ustadi ilikuwa majalada 18, nao wameitumia kwa 8, yaani 0.44 ya iliyowezekana. Wanatakwimu hukiita kipimo hicho kapa, na 0.44 ni alama ya kuwarudisha wanakili darasani kabla hawajaendelea. Katika nchi nne, darasa hilo sharti liwe moja, kwa majalada yale yale ya mfano, kwa kuwa Mbalizi na Kericho wanaweza kila mmoja kukubaliana vizuri ndani kwa ndani huku wakisoma jambo moja kwa namna mbili.

Mbeya inayo historia katika kazi hizi. Kituo cha utafiti wa tiba cha NIMR jijini humo kilikua kutokana na ushirikiano na Chuo Kikuu cha Ludwig-Maximilian cha Munich, Ujerumani, ulioanza miaka ya 1990. Mbeya ilikuwa pia miongoni mwa maeneo ya utafiti wa AFRICOS, ulioanza kuandikisha watu mwaka 2013 katika vituo 12 vya Uganda, Kenya, Tanzania na Nigeria. Huo ulikwenda mbali kuliko mapitio ya majalada: washiriki waliridhia, wakafuatwa kila baada ya miezi sita, na kumbukumbu zao za kliniki zikasomwa sambamba na maelezo yao wenyewe. Faida yake ni kwamba jalada na mtu huweza kusutana.

Linabaki suala la nani anafaidika. Karani wa masijala anayejua boksi la mwaka 2011 liko wapi, na muuguzi anayeweza kusoma mwandiko wa daktari aliyekwisha kustaafu, ndio wanaowezesha utafiti, kisha malipo yao huwa posho ya siku na shukrani za mstari mmoja mwishoni. Makala hutoka kwa Kiingereza katika jarida la mbali. Kamati za maadili zimeanza kuuliza mapema nani ataandika, taarifa zitahifadhiwa wapi, na hospitali itarudishiwa nini. Kinachoweza kurudishwa si lazima kiwe gari. Orodha ya wagonjwa walioandikwa mara mbili, hesabu ya majalada yasiyo na makazi, au majina ya waliopotea yakakabidhiwa kwa wahudumu wa majumbani kupitia hospitali yenyewe, ni malipo ambayo mganga mfawidhi angeyapokea kesho asubuhi.

Kuhusu dereva, namba yake ya kliniki ya Tanzania imejengwa kwa tarakimu za mkoa, wilaya na kituo. Ndola haisomeki. Njia iliyobaki ya kuyaunganisha majalada yake manne ni yeye mwenyewe kusema. Anapofika dirishani Mbalizi huulizwa kama amewahi kutumia dawa hizi mahali pengine, na huombwa barua ya uhamisho. Barua hana, na anaogopa kukemewa au kurudishwa Dar es Salaam kuifuata. Anajibu kwamba hajawahi. Muuguzi anachukua jalada jipya na kuandika: mgonjwa mpya.